Pete ya Mlango wa Thornmere

Asubuhi hiyo umande ulikuwa umeganda juu ya majani, na pumzi za watu zilitoka vinywani mwao kama moshi, lakini pete ya chuma iliyoning'inia mlangoni mwa Thornmere ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, kwa maana jua lilikuwa bado nyuma ya mialoni, na mlango wenyewe ulielekea kaskazini. Lilikuwa joto la kiganja. Joto la kitu kilichoshikwa kwa muda mrefu na mkono wa mtu, kikaachiwa sasa hivi.

Sir Piers Daubney, mwenye kuuza, aliishika pete, akaiachia upesi, akaupangusa mkono wake kwenye joho.

"Nani ameshika hapa?"

"Hakuna mtu, Bwana Mkubwa," alijibu wakili wake, Fulke Penry, mzee mwembamba ambaye pua yake ilichuruzika tangu mwanzo wa baridi hadi mwisho wake. "Endelea, tafadhali. Miguu yangu imeshakufa, inasubiri kuzikwa tu."

Mbele yake alisimama Gervase Holcroft, mwenye kununua. Alikuwa ametandaza kiganja chake tayari. Maisha yake yote aliyafanya yawe njia ya kufikia pete hiyo, naye hakujali kama ilikuwa ya moto au ya barafu.

Katika nchi hiyo, zama hizo, karatasi peke yake haikumhamishia mtu nyumba. Wino ungeweza kujaa kurasa, na nta ya muhuri ikamwagwa kama uji, lakini nyumba ilibaki kwa mwenyewe wa kwanza mpaka amkabidhi mwenziwe pete ya mlango, mkono kwa mkono, mbele ya majirani walio tayari kuapa, na nyumba ikiwa tupu. Tupu kabisa, pasiwe na mpishi jikoni wala mgonjwa kitandani. Kisha mnunuzi huingia peke yake, akaufunga mlango, akaufungua tena kwa mkono wake mwenyewe, akawakaribisha waliobaki nje. Hapo ndipo nyumba inapokuwa yake mbele ya Mungu na mbele ya mahakama.

Sir Piers akaishika pete mara ya pili. Alikuwa amefumbua kinywa kutamka maneno ya makabidhiano, na ndipo huko ndani, katika ukumbi uliokuwa umekaguliwa na kufagiliwa, benchi zito likaburutwa sakafuni. Liliburutwa polepole, kama linavyoburutwa na mtu anayejisogezea kiti ili akae vizuri, asikilize.

Hob Yarrow, msagaji wa kinu cha kijiji, ambaye alikuwa shahidi mkuu, alivua kofia.

"Mna mtu humo," alisema.

"Ni panya," akasema Sir Piers.

"Panya wa kuburuta benchi, Bwana Mkubwa? Basi huyo mfungeni shogi la punda, anisaidie kinuni." Majirani walicheka, ila Hob mwenyewe hakucheka. "Nyumba si tupu. Mimi siapi."

Walipekua nyumba kutoka vyumba vya chini hadi darini. Hawakumkuta mtu. Benchi lilikuwa mbele ya meko, mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kuliacha, na hewa ilinuka utambi wa mshumaa uliozimwa punde.

Walirudi siku ya pili. Safari hii Gervase mwenyewe alimwaga maji mekoni mpaka majivu yakawa tope, na akaweka kitasa kwenye kila dirisha. Sir Piers alikuwa amekwisha kutamka nusu ya maneno yake wakati mtu mmoja katika majirani aliponyoosha kidole juu. Bomba la jiko lilikuwa linafuka moshi mwembamba, wa buluu, kama wa mtu anayejipikia chakula cha asubuhi asiye na haraka. Walipoingia, walikuta tope la majivu limelala kama lilivyoachwa, wala hapakuwa na kaa hata moja. Moto huo uliwaka usiache jivu. Wenye kusoma vitabu vya dini wanajua ni viumbe gani walioumbwa kwa moto.

"Siapi," alisema Hob Yarrow.

"Hob, ndugu yangu," akasema Gervase, akiikaba hasira yake, "nimekupa bia, nimekupa nyama, nimekuita ndugu. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kwenda mbinguni, Bwana Holcroft. Nikiapa nyumba ilikuwa tupu, wewe utapata nyumba, na mimi nitapata nini?"

Sir Piers alimpiga Gervase begani. "Usinikunjie uso, we muuza sufu. Jumamosi nasafiri na jeshi la Mfalme kwenda Ufaransa. Usipoipokea kabla ya hapo, ungoje nirudi. Na omba nirudi! Maana nikifia huko, mwanangu ni mdogo, na Mfalme atamchukua yeye na kila kisichotoka mikononi mwangu. Hapo utadai nyumba yako kwa Mfalme." Akacheka, akapanda farasi wake. Mtu huyo alikuwa na Thornmere tangu Mfalme alipozivunja nyumba za watawa na kuwagawia watu wake, wala hakupata kulala humo hata mara moja. Gervase hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Gervase alikuwa na sababu ya kuitaka nyumba hii na si nyingine. Alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa ameshika shamba chini ya bwana mmoja kwa kiapo cha magoti: yaani alipiga magoti mbele ya bwana huyo, akaviunganisha viganja vyake, bwana akavishika kati ya viganja vyake yeye, na baba akatamka kwamba tangu siku hiyo ni mtu wake. Baba alipokufa mapema, sheria ikampa bwana lile shamba na mtoto pamoja, kama vile ndama anavyofuata ng'ombe aliyeuzwa. Gervase alitolewa mapajani mwa mama yake, akalelewa na bwana huyo, ambaye alimuuzia mtu mwingine ulezi wake, naye akamuuzia wa tatu. Alipofikia umri wa kujitegemea, mama alikuwa amekwisha kuzikwa, na shamba lilikuwa limekatwa miti yote.

Kwa ajili hiyo, alipooa na kupata binti, alijiapia kwamba hatashika ardhi yenye bwana wa kupigiwa magoti. Thornmere ilikuwa ardhi ya namna hiyo. Hati ya Mfalme iliitoa kwa sharti jepesi, pasipo kiapo wala bwana wa kumdai mtoto baba akifa. Gervase akauza kiwanda chake cha sufu, akauza na nyumba ya mjini, akaileta familia yake kukaa katika chumba cha mlinzi kilicho juu ya lango la Thornmere, wangoje makabidhiano.

Jioni hiyo ya moshi, mkewe, Thomasin, alikuwa anakata mkate na jibini. Binti yao Petronell, mtoto wa miaka sita, alikuwa amekaa dirishani akiitazama nyumba kubwa ng'ambo ya ua.

"Baba," alisema, "yule bwana wa ndani ana baridi."

Kisu cha Thomasin kilisimama ndani ya mkate.

"Bwana gani, mwanangu?" aliuliza Gervase.

"Wa dirishani. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia ni wako. Akauliza kama una wengine. Nikamwambia niko peke yangu." Alitabasamu. "Akafurahi."

Thomasin alimshusha mtoto dirishani, akafunga ubao wa dirisha, akamwegemea mumewe sikioni. "Tuondoke," alinong'ona. "Mume wangu, nakusihi. Tukalale hata kwenye banda la sufu."

"Banda la nani?" Gervase hakunong'ona. "Tumeliuza! Tumeuza vitanda, Thomasin, tumeuza hata sufuria ya mama yako! Nimesimama mlangoni mwangu mara mbili kama ombaomba, nyumba naiona, pete naigusa, halafu benchi linaburutwa, moshi unafuka, na huyo mpumbavu wa kinuni anavua kofia!" Aliipiga meza ngumi. "Ni mlango tu. Mlango!"

Ng'ambo ya ua kitu kikagonga. Kiligonga mara moja, kwa upole, kama mtu anayejibu alipoitwa.

Siku ya tatu alikuja kasisi wa parokia kuibariki nyumba. Maji yake matakatifu yalikauka kwenye mawe kabla hajamaliza sala, naye akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumzuru. Hata hivyo, tangu asubuhi hadi adhuhuri ndani hamkusikika sauti wala hamkufuka moshi, na Hob Yarrow, baada ya kuzunguka nyumba nzima akitega sikio kwenye kila ukuta, alikubali. Sir Piers alitamka maneno yote. Pete, yenye joto kama kawaida, iliingia kiganjani mwa Gervase. Gervase aliingia peke yake, akaufunga mlango nyuma yake.

Waliobaki nje walingoja. Kisha mlango ukafunguka, ukafunguka taratibu kwa namna ya heshima, kama unavyofunguliwa na mwenye nyumba aliyezoea kupokea wageni, na wote waliouona mkono ulioushika ukingo wa ubao walijua kwamba haukuwa wa Gervase, kwa sababu ulikuwa mrefu kuliko mkono wa mwanadamu, wa rangi ya jiwe lililokaa chini ya maji, na kwa sababu Gervase mwenyewe walimwona ukumbini, mbali na mlango, ameupa mgongo ukuta, akipaza sauti: "Sijaufungua mimi! Sijaufungua mimi!"

Majirani walikimbia. Hob Yarrow hakukimbia, ila alitembea kwa kasi ambayo haikutofautiana sana na mbio.

"Nyumba haikupita," alisema wakili Penry, akifunga mkoba wake kwa haraka. "Lazima mnunuzi afungue kwa mkono wake. Sheria haina maneno mawili. Alichofanya... alichofanya huyo... Bwana Holcroft, mbele ya sheria ni huyo aliyetukaribisha ndani!"

Kijijini, nyuma ya kinu, alikaa mwanamke mzee aliyeitwa Mama Idonea. Alikuwa mtawa wa Thornmere tangu ujana wake hadi siku watu wa Mfalme walipowatoa watawa wote kwa lango la nyuma. Sasa alifuga nyuki na kutibu homa, na wanakijiji waliokuwa na jambo la kuogopesha walikwenda kwake kabla ya kwenda kwa kasisi. Gervase alimkuta akichuja asali.

"Unamtafuta wa kumfukuza," alisema Mama Idonea kabla mgeni wake hajaketi. "Utamfukuzaje mwenye nyumba katika nyumba yake, mwanangu?"

"Mwenye nyumba ni Sir Piers. Kabla yake Mfalme. Kabla ya Mfalme ninyi."

"Sisi?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikuwa wageni wake. Yeye alikuwepo pale kabla ya jiwe la kwanza. Walipokuja watu wa Mfalme na makaratasi yao, wakavitia vikombe vya fedha kwenye magunia, wakatuswaga nje kama kuku, hakuna hata mmoja aliyemwomba pete mwenyewe. Sasa Mfalme kampa Sir Piers asichokuwa nacho, na Sir Piers anakupa wewe asichopewa. Ndiyo maana mwenyewe hakubali upewe."

"Mama, nimechoka." Gervase alikishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Niambie la kufanya. Kama ni kufunga, nitafunga. Kama ni kafara, nitatoa. Jumamosi mtu huyu anaondoka, na mke wangu na binti yangu wanalala juu ya lango kama njiwa."

Mama Idonea aliiacha asali idondoke. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kila mama mkuu mpya alipochaguliwa, aliingia ukumbini peke yake. Alipiga magoti mbele ya meko, akaviunganisha viganja, akangoja. Vinashikwa. Vikishikwa usipige kelele, wala usitazame juu. Unasema: tangu leo mimi ni mtu wako. Basi. Nyumba inatulia."

Gervase alivitazama viganja vyake. Kitu kilimgusa moyoni, baridi kama ncha ya sindano, lakini alikuwa amechoka mno kukitazama. "Kupiga magoti," alisema.

"Si kiapo cha mahakamani, mwanangu. Ni adabu ya mgeni tu."

"Na hao mama wakuu, walidhurika?"

"Hata mmoja. Mama mkuu wangu alikufa usingizini, mzee kuliko mimi, meno yake yote kinywani. Akifa mmoja tulichagua mwingine, naye akaingia akapiga magoti. Miaka mia nne, na hakuna aliyeguswa hata unywele. Naapa kwa Bikira."

Alisema kweli, na alisema kwa nia njema, na hilo ndilo la kusikitisha katika kisa hiki.

Asubuhi ya Jumamosi Sir Piers alifika amekwisha kuvaa mavazi ya safari, na mizigo yake iko juu ya farasi. "Hii ni ya mwisho, muuza sufu," alisema. "Wafaransa wananingoja." Hob Yarrow alikuja pia, kwa sababu Thomasin alikwenda kumlilia, ila alisimama karibu na lango. Maneno yalitamkwa, pete ikapita kutoka mkono hadi mkono, na Gervase akaingia, akaufunga mlango, akasimama gizani akisikia pumzi yake mwenyewe.

Ukumbi ulinuka utambi na jiwe lililolowa. Benchi lilikuwa mbele ya meko, na juu ya benchi hapakuwa na kitu, isipokuwa kwamba ubao wake ulikuwa umebonyea kidogo katikati, kama unavyobonyea ukikaliwa. Gervase alikwenda mpaka hapo, na magoti yake, ambayo hakuwahi kuyakunja mbele ya kiumbe yeyote tangu siku alipotoka mikononi mwa walezi wake, yakakunjika, na kwa hasira ya siku zote hizo, hasira kwa Sir Piers na kicheko chake, hasira kwa Hob na kofia yake, hasira kwa mlango ambao ulikuwa mlango tu na bado ulimshinda, akaviunganisha viganja vyake na kuvinyoosha mbele, akafumba macho, akangoja, na kadiri alivyongoja ndivyo baridi ilivyopanda kutoka sakafuni ikamfika kiunoni, ikamfika kifuani, mpaka vidole visivyokuwa na idadi ya kawaida vikavifunika viganja vyake kwa upole, upole wa mzee anayepokea zawadi aliyoingoja kwa muda mrefu, na ndani ya baridi hiyo yote viganja vile peke yake vikawa na joto.

"Tangu leo," alisema Gervase, "mimi ni mtu wako."

Karibu na sikio lake kitu kilishusha pumzi. Benchi lililia kidogo, kama linavyolia mtu mzito anapoinuka. Kisha hapakuwa na chochote.

Alirudi mlangoni akitembea kama mlevi, akalifungua komeo kwa mkono wake mwenyewe, akausukuma mlango, na mwanga ukaingia.

"Karibuni," alisema. "Karibuni nyumbani kwangu."

Hob Yarrow alitazama ndani, akanusa, akatega sikio. Kisha akavua kofia, safari hii kwa heshima. "Tupu," alisema. "Naapa." Thomasin akalia, wakili akapiga chafya, na Sir Piers akaondoka mbio bila kugeuka nyuma.

Majira ya kuchipua na ya kiangazi yalikuwa mema. Nyumba ilinyamaza kama nyumba nyingine yoyote. Kondoo walizaa, matufaha yalijaa matawini, na Petronell alikimbia ukumbini pasipo mtu kumzuia. Pete ya mlango ilikuwa baridi. Thomasin hakuuliza mumewe alifanya nini siku ile mle ndani, na mumewe hakusema.

Majani yalipoanza kuanguka, wakili Penry alipita njiani, akakaribishwa bia ya moto.

"Mmesikia habari za Sir Piers?" alisema, akipuliza povu. "Amefariki. Si kwa upanga, maskini; ni tumbo la kuhara, kule kambini Ufaransa. Mwili haujapoa, na watu wa Mfalme wamekwisha kumchukua mtoto wake. Mama amelia mpaka akazimia. Nitafanyaje? Kwa mashamba yake mengine baba alikuwa mtu wa Mfalme, kwa magoti na viganja. Akifa, mtoto ni wa bwana wake mpaka akue. Nawe wajua, Bwana Holcroft. Ulionja."

Kikombe cha Gervase kilikuwa kimefika mdomoni. Hakikwenda mbele wala hakikurudi nyuma. Ile ncha ya sindano aliyoisikia kwa Mama Idonea, ambayo hakutaka kuitazama, sasa ilizama yote.

"Na mtu," alisema polepole, "aliyepiga magoti kwa kosa. Kwa kutojua. Anaweza kukirudisha kiapo?"

"Kiapo cha magoti hakirudishwi. Hata ahamie mji mwingine, yu mtu wa yule bwana. Labda aiuze ardhi, akabidhi pete, kiapo kimfuate mnunuzi." Wakili alifuta pua. "Kwa makabidhiano kamili, bila shaka. Nyumba ikiwa tupu."

Wakili alipoondoka, Thomasin alifunga mlango akasimama mbele ya mumewe. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Ulifanya nini mle ndani, Gervase?"

Alimwambia. Alimwambia yote: magoti, viganja, maneno. Alimwambia kwamba mama wakuu walifanya hivyo miaka mia nne, na hakuna aliyedhurika.

"Watawa!" Thomasin alinong'ona, na mnong'ono huo ulikuwa mkali kuliko ukelele. "Wale walikuwa watawa, mwanamume wewe! Watawa hawazai! Angemdai nani kwao? Miaka mia nne amekaa anangoja apate mtu mwenye mtoto, na wewe... wewe uliyenyang'anywa mama yako... umempelekea wa kwako, kwa viganja vyako mwenyewe!"

Gervase alikuwa anasikiliza kitu kingine. Juu ya vichwa vyao, katika kile chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa cha mtawa mdogo kuliko wote, ambacho hawakukitumia kwa kuwa dirisha lake halikupata jua, kitu kilikuwa kinafagia. Ufagio ulikwenda na kurudi kwa utulivu. Kisha ukawekwa ukutani, na nyundo ikaanza, nyundo ndogo, ya kupigilia mbao nyembamba.

Walipanda ngazi wakiwa wameshikana mikono. Chumbani hamkuwa na mtu. Sakafu ilikuwa safi, na katikati yake palikuwa na kitanda ambacho hakijakamilika, chembamba na kifupi, kilichopimwa kwa kimo cha mtoto wa miaka sita. Pete ya mlango wa chumba hicho ilikuwa na joto la kiganja.

Usiku huo huo Gervase alimtuma mtu kwa Hob Yarrow kumwomba awe shahidi wa mauzo. Jibu lilirudi asubuhi. Hob alikuwa amepita njia ya ng'ambo ya ua akasikia nyundo, na alisema kwamba anampenda sana Bwana Holcroft, ila nyumba si tupu, naye haapi. Mama Idonea alikuja kwa miguu yake, akasikiliza mlangoni, akajipiga kifua. "Sikujua, mwanangu," alisema. "Sisi hatukuwa na wa kuacha." Alikaa kwenye kizingiti akalia kama mtoto.

Tangu siku hiyo Gervase Holcroft ana kazi moja tu duniani, nayo ni kutokufa. Hapandi farasi. Hali samaki, kwa sababu ya miiba. Habari za homa zikifika kijiji cha tatu, hujifungia ndani. Petronell lazima awe mtu mzima kwanza. Akishakuwa mtu mzima, hakuna bwana awezaye kumdai, awe wa nchi ya wanadamu au wa nchi nyingine. Thomasin humtazama mumewe akila, kama watu wanavyoutazama mshumaa kwenye upepo.

Jioni moja ya mvua, walipokuwa wamekaa wote watatu mbele ya meko na nyundo ikigonga juu kwa ule mwendo wake wa mtu asiye na haraka, Gervase alikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha moshi wa kuni.

Nyundo ikanyamaza.

Hakuna aliyepumua. Gervase alibana mdomo kwa mikono miwili, macho yakimtoka, kifua kikimruka, mpaka hakuweza tena, akakohoa mara ya pili.

Na huko juu, kwa furaha, nyundo ikaanza upya, sasa kwa haraka.